Majeshi mawili, chungu kimoja: cha raia

Miaka ya 2000 na 2001, mama wa Shabunda, Kivu ya Kusini, aliyetaka kwenda shambani kuchuma sombe alikuwa na njia moja tu, na njia hiyo ilikuwa na askari mwanzo na mwisho. Mjini, karibu na kiwanja cha ndege, walikaa askari wa RCD-Goma na wenzao wa jeshi la Rwanda. Nje ya mji, porini, walikaa Mai-Mai. Mashamba yalikuwa upande wa pori. Akitoka, askari wa mjini wanamuuliza: unawapelekea adui chakula? Akifika shambani, wa porini wanamuuliza: umetumwa na nani kuja kutupeleleza? Akirudi na kitunga cha mihogo, wa mjini wanakata sehemu yao. Akirudi mikono mitupu, ni kwamba wa porini walikwisha kuchukua yote. Wanawake wengi walibakwa katika njia hiyo, na wengine walishikiliwa porini kwa miezi.

Watu wa Shabunda hawakuhitaji mtaalamu wa kuwafundisha tofauti ya majeshi hayo. Bendera zilikuwa mbalimbali na hotuba zilikuwa mbalimbali. Chungu kilikuwa kimoja, na mwenye chungu alikuwa raia.

Hilo ndilo jambo ambalo mikataba mingi ya amani ya Kongo imelipita pembeni. Wakubwa wanakaa mezani, wanagawana vyeo, wanapigwa picha. Hakuna anayeuliza swali dogo la kijijini: kesho asubuhi, askari aliyeko kule kilimani atakula nini, na atakitoa wapi? Swali hilo lisipojibiwa, vita vinaendelea hata kama risasi zimenyamaza.

Vita vya miguu

Vita vikubwa vilianza tarehe 2 Agosti 1998, mwaka mmoja na miezi michache tu baada ya Laurent-Désiré Kabila kuingia Kinshasa. Upande mmoja lilikuwa jeshi la serikali, FAC, likisaidiwa na Zimbabwe, Angola na Namibia, na huku mashariki na vikundi vingi vya Mai-Mai. Upande wa pili ilikuwa RCD iliyosaidiwa na Rwanda, na MLC ya Jean-Pierre Bemba iliyosaidiwa na Uganda. Mwaka 1999 RCD yenyewe ikapasuka vipande. Mkataba wa Lusaka ulitiwa sahihi Julai 1999, lakini mapigano yaliendelea hadi serikali ya mpito ilipoundwa katikati ya mwaka 2003.

Kwenye ramani za magazeti, mstari wa mbele ulichorwa kutoka Équateur hadi Katanga, ukishuka karibu na Ikela, Kabinda na Pweto. Mkulima aliyeishi huko hakuuona mstari wowote. Aliona vituo: daraja, kiwanja cha ndege, soko, mgodi, njia panda. Askari wa miguu walishika kituo, adui akashika kingine mbele yake. Kati ya kituo na kituo kulikuwa na pori, na ndani ya pori kulikuwa na vijiji. Vijiji hivyo ndivyo vilivyokuwa mstari wa mbele.

Barabara za Kongo zilikuwa zimekufa kabla ya vita. Kwa hiyo magari hayakuwa na njia, na vita vikawa vya miguu na vya ndege. Ndege ilibeba silaha na makomanda. Yaliyobaki yalibebwa na kichwa cha raia. Vijana walikamatwa sokoni au kanisani, wakatwishwa masanduku ya risasi, magunia ya mchele na vitu vilivyoporwa katika kijiji kilichopita. Wengine walirudi nyumbani, wengine hawakurudi. Wabebaji hao hawapo katika orodha ya jeshi lolote, na hakuna anayewakumbuka siku ya mashujaa. Lakini bila wao, hakuna jeshi ambalo lingefika mbali.

Askari mwenyewe hakuwa na raha. Huko Ikela, wanajeshi wa serikali na wenzao wa Zimbabwe na Namibia walizingirwa kwa miezi, wakingoja chakula kutoka angani. Huko Pweto, Desemba 2000, jeshi la serikali lilishindwa, na askari wakavuka mpaka kukimbilia Zambia pamoja na raia. Siku ile mwanajeshi alikuwa mkimbizi kama mkulima. Huko Kisangani, kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyokuwa yamekuja kama marafiki, yalipigana yenyewe kwa yenyewe katikati ya mji kwa siku sita. Mamia ya wakaaji waliuawa katika ugomvi usiokuwa wao.

Hata hivyo, waliokufa kwa risasi walikuwa wachache wakilinganishwa na wengine. Uchunguzi wa shirika la IRC, uliofanywa mara kadhaa tangu mwaka 2000, ulionyesha kwamba wengi waliokufa katika vita vile waliuawa na malaria, kuhara, njaa na magonjwa ya watoto ambayo yana dawa. Kila aliyekimbilia porini analijua hilo bila kusoma ripoti. Mtu anakimbia risasi leo, mtoto anakufa kwa homa baada ya wiki 3, kwa sababu kituo cha afya kimeporwa na shamba limeliwa.

Mshahara ulioishia njiani

Ni nani aliyekula shamba? Jibu la haraka ni "adui". Jibu la kweli ni refu kidogo.

Askari wa serikali mshahara wake ulipita mikononi mwa wakubwa wake kabla ya kumfikia. Kila mkono ulibaki na kitu. Komanda aliandika majina mengi kuliko watu aliokuwa nao, akapokea pesa za askari wa karatasi, na hata zile za askari wa kweli akazikata. Askari wa RCD naye, aliyekuwa na mkubwa wake Goma na mfadhili wake ng'ambo ya mpaka, mara nyingi hakupata mshahara wa kawaida. Mai-Mai ndio kabisa: hawakuwa na mshahara tangu mwanzo. Kwa hiyo wote watatu walifika mlango uleule, mlango wa mama mwenye mihogo. Mmoja aliita kodi ya bariere. Wa pili aliita mchango wa vita. Wa tatu aliita msaada kwa watoto wa nchi. Mbuzi ni yuleyule.

Tabia hiyo haikuanza mwaka 1998. Force Publique ya wakati wa Wabelgiji ilizoea kuingia vijijini na kujichukulia. Siku chache tu baada ya uhuru, Julai 1960, askari waliasi kwa sababu ya vyeo na mishahara. Wakati wa Mobutu kulikuwa na msemo uliotembea kwa Lingala: raia ni shamba la askari. Septemba 1991 wanajeshi wasiolipwa vizuri waliipora Kinshasa. Januari 1993 walilipwa kwa noti mpya ya zaire milioni 5, wafanyabiashara wakaikataa, nao wakapora tena. Mwaka 1996 na 1997, jeshi hilohilo lilipokimbia mbele ya AFDL, lilipora kila mji lililoupita kabla ya kuuacha. Wakaaji wengi wa mashariki wanakumbuka kwamba katika siku zile walimwogopa askari anayekimbia kuliko askari anayekuja.

Basi askari wa 1998 alirithi njia ya zamani ya kuishi. Pande zote mbili ziliirithi, kwa sababu wengi wao walitoka katika jeshi moja au kijiji kimoja. Mwaka 1997 walikuwa pamoja katika AFDL. Mwaka mmoja baadaye wakalengana bunduki. Wengine walikuwa kadogo, watoto waliochukuliwa shuleni au njiani. Kila upande ulikuwa na watoto wake. Kesi ya kwanza kabisa iliyofikia hukumu katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, ilikuwa ya Mkongomani: Thomas Lubanga wa UPC, huko Ituri. Machi 2012 alipatikana na hatia ya kuandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto hadai mshahara, wala hajui kuuliza pesa zimekwenda wapi. Ndiyo maana makomanda walimpenda.

Mai-Mai walikuwa na jambo moja la pekee: sheria za dawa. Mpiganaji aliyenyunyiziwa maji alikatazwa kuiba, kumgusa mwanamke, kula vyakula fulani. Mzee akisikia sheria hizo leo atasema ni imani ya kizamani. Lakini katika vijiji ambako zilishikwa kweli, raia waliona tofauti. Vita viliporefuka na migodi ikawa karibu, sheria zikalegea, na dawa ikabaki jina. Funzo liko hapo: askari wa miguu anaweza kuzuiwa, ikiwa kuna sheria anayoiogopa na chakula kisichotoka nyumbani kwa watu.

Na pesa zilikuwepo. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda sana duniani, na ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa, tangu mwaka 2001, zilieleza jinsi koltani, dhahabu, almasi na mbao zilivyowatajirisha wakubwa wa majeshi ya pande zote, Wakongomani na wageni. Wakati huohuo, kijana aliyelinda mgodi alikuwa na buti zilizochanika, na mkewe alikuwa akiomba chumvi kwa jirani. Vita vilikuwa na faida. Faida hiyo haikushuka hadi kwa aliyebeba bunduki, na hasara yote ilishuka hadi kwa aliyebeba jembe.

Kuwachanganya maadui

Mkataba wa Pretoria wa Desemba 2002 na ule wa Sun City wa Aprili 2003 ulisema majeshi yote yawe jeshi moja, FARDC. Kazi hiyo iliitwa brassage. Askari wa FAC, wa RCD, wa MLC na Mai-Mai walipelekwa katika vituo kama Kitona, Kamina, Kisangani, Rumangabo, Nyaleke na Luberizi, wakapewa mafunzo pamoja, kisha wakatumwa katika brigedi mpya, mbali na makomanda wao wa zamani.

Wazo lilikuwa zuri, na lazima lisifiwe. Watu waliolengana risasi walikuta kwamba wanaweza kulala katika hema moja. Lakini tumbo lilisahauliwa tena. Brigedi mpya zilitumwa mashariki zikiwa na mshahara wa dola 10 hivi kwa mwezi kwa askari wa kawaida, na huo nao ukichelewa. Familia zilifuata nyuma na sufuria kichwani, zikalala chini ya maturubai au katika madarasa ya shule. Jeshi lilikuwa jipya kwa jina, na bariere zikabaki palepale.

Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulileta ujumbe ulioitwa EUSEC, na ujumbe huo ulisaidia kufanya jambo moja dogo lenye maana kubwa: kutenganisha njia ya pesa na njia ya amri. Komanda aamrishe, lakini asishike mshahara wa askari wake. Askari walihesabiwa mmoja mmoja, wa karatasi wakaanza kufutwa, na kwa muda mishahara ikafika mikononi mwa wenyewe mara nyingi kuliko zamani. Baadaye ikaletwa njia ya benki. Inaonyesha kwamba dawa ya ugonjwa huu inajulikana. Lakini benki haiko porini, na askari wa Walikale au Fizi hawezi kuacha kituo chake siku kadhaa ili kwenda mjini kuchukua pesa.

Waliobaki na njaa na hasira hawakukosa mtu wa kuwatumia. Juni 2004 maofisa waliotoka RCD waliasi na kuuteka Bukavu. Mwaka 2012 lilizaliwa kundi lililojiita M23, kwa tarehe ya mkataba wa 23 Machi 2009, likidai kwamba mkataba huo haukutekelezwa. Nyuma ya uasi huo kulikuwa na siasa na mikono ya nje, hilo halina ubishi. Lakini kila mara, miongoni mwa malalamiko, yalikuwemo maneno yaleyale: vyeo, mishahara, maisha ya askari.

Njaa haimpi mtu ruhusa

Wako watakaosema kwamba maneno haya yanawatetea waporaji. Hapana. Wakimbizi wa ndani wana njaa kuliko askari yeyote, nao hawabaki barabarani na bunduki. Mwalimu asiyelipwa habaki wanafunzi wake. Njaa inaweza kueleza kwa nini kuku aliibiwa. Haiwezi kueleza ubakaji hata siku moja.

Minova inatosha kuwa ushahidi. Novemba 2012, baada ya Goma kuanguka, wanajeshi wa serikali waliorudi nyuma walifika Minova na kwa siku kadhaa wakapora na kubaka wanawake na wasichana wengi. Askari 39 walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mei 2014 wawili tu walipatikana na hatia ya kubaka. Wanawake waliopanda mbele ya majaji wakiwa wamefunika nyuso zao walirudi nyumbani na jibu hilo. Kwa hiyo mshahara peke yake hautoshi. Mshahara bila mahakama unamlisha mhalifu. Mahakama bila mshahara inamhukumu askari mmoja, na kesho njaa inamleta mwingine.

Wako pia watakaosema kwamba kuwaweka askari wa pande mbili katika mizani moja ni kuwasahau waliovamia nchi. Sababu za vita si sawa, na historia itamhukumu kila mmoja kwa sababu yake. Lakini mama wa Shabunda hakuliwa mihogo yake na sababu. Aliliwa na watu. Kusema kwamba mtoto wa nchi naye alikula si kumsafisha mgeni. Ni kukataa kwamba raia alipe mara mbili: mara ya kwanza kwa adui, mara ya pili kwa mlinzi wake.

Maswali matatu ya kupeleka mezani

Leo majina ya miji ya mazungumzo yameongezeka. Baada ya Lusaka, Pretoria na Sun City zimekuja Nairobi, Luanda, Washington na Doha. Goma na Bukavu zilianguka mwanzoni mwa mwaka 2025, kambi zilizozunguka Goma zikavunjwa, na familia nyingi zikaambiwa zirudi vijijini. Zinaporudi, hazikuti mkataba uliotiwa sahihi Doha au Washington. Zinakuta askari: wa M23 hapa, wa FARDC pale, Wazalendo kilima kinachofuata, wengi wao bila mshahara wa kila mwezi. Mwaka huohuo wa 2025 serikali ilitangaza kuongeza mara mbili mishahara ya wanajeshi na polisi. Ni hatua njema, lakini itapimwa kwenye bariere, si kwenye tangazo la redio.

Kwa hiyo viongozi wa mashirika ya kiraia, machifu, wachungaji na mapadri, na wabunge wanaodai kusema kwa jina la waliohama makwao, wanapaswa kubeba maswali matatu kila wanapoitwa mezani. Askari wa kila upande atalala wapi, ili asilale shuleni wala nyumbani kwa mtu? Atakula nini, na nani atanunua chakula hicho? Atalipwa na nani, kwa njia gani isiyopita mfukoni mwa komanda? Na akivunja sheria, raia atamshtaki kwa nani bila kuogopa kulipiziwa?

Swali hilo la mwisho linafanya yawe manne, na labda ndilo lililotakiwa kuwa la kwanza. Mkataba usiojibu maswali hayo unaweza kuwa mzuri kwa wakubwa. Kwa kijiji, bado ni karatasi.

Methali inasema wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Ni kweli, lakini Kongo imeongeza jambo ambalo methali haikulisema. Tembo hao wanaishi kwa kula nyasi hizo, wakipigana na hata wakipatana. Siku ambayo mama wa Shabunda, wa Masisi au wa Fizi atatoka alfajiri na kitunga, apite mbele ya askari, asalimiwe, na arudi jioni na mihogo yake yote, siku hiyo ndiyo vita vitakuwa vimekwisha. Hata kama redio haijatangaza.